Kituo Kilichonyamaza

Mahubiri ya Kasisi. Somo: Luka 15:1–10



Mchungaji mwenye kondoo mia alipompoteza mmoja, hakukaa zizini akingoja kusikia sauti yake. Neno hilo mmelisikia tangu mlipokuwa katika darasa la kipaimara, na naogopa kwamba tumelisikia mara nyingi mno hata halitushtui tena. Kwa hiyo leo nataka kuwasimulia habari ya watu wawili waliotoka kwenda kutafuta kitu kilichopotea, si porini wala milimani, bali katika anga za juu, mahali pasipo njia wala nyayo. Kisha tutarudi kwa yule kondoo, na kutoka kwake tutarudi hapa kwetu, penye mabenchi yenye nafasi wazi.

Mwezi wa Aprili mwaka 1982, Urusi ya wakati ule, yaani Muungano wa Kisovieti, ilirusha kituo cha anga kilichoitwa Salyut 7. Fikirini nyumba ya chuma yenye uzito upatao tani 20, ikiizunguka dunia mara moja kwa muda wa kama saa moja na nusu, mchana na usiku, bila kusimama. Watu walikwenda huko kwa zamu, wakakaa na kufanya kazi, kisha wakarudi kwao. Nyumba hiyo haikuwa na kuni wala mafuta ya taa. Uhai wake wote ulitoka katika jua. Ilikuwa na mabawa yenye mabamba ya kunasa mwanga. Mwanga ukageuzwa kuwa umeme, na umeme ukawekwa katika betri ili pawe na nguvu hata kituo kilipopita upande wa giza.

Mwezi wa Februari 1985, wakati hapakuwa na mtu ndani yake, kituo kile kikanyamaza. Mafundi wakakiita kwa redio, wala hakikujibu. Wakakiita tena, kimya. Hakikuwa kimeanguka, kilikuwa bado kikizunguka mahali pake, na rada ziliweza kukiona. Lakini hakikusikia amri wala hakikuweza kujielekeza. Kwa kawaida chombo kinachokwenda kituoni huongozwa na mitambo, na kituo chenyewe husaidia, kama mwenyeji anayemwashia mgeni taa mlangoni. Sasa mwenyeji hakuwa na taa wala sauti.

Ingekuwa rahisi kusema, "Kimekufa, kiacheni." Lakini walichaguliwa watu wawili: Vladimir Dzhanibekov, aliyekuwa amekwisha kwenda angani mara nne, na fundi Viktor Savinykh, aliyekuwa amekwenda mara moja. Chombo chao, Soyuz T-13, kilitayarishwa kwa kazi hiyo. Kiti cha mtu wa tatu kiliondolewa, na mitambo ya kujiunganisha yenyewe ikaondolewa pia, ili ipatikane nafasi ya mafuta na akiba zaidi. Wakaondoka Baikonur tarehe 6 Juni 1985.

Siku mbili baadaye wakakiona. Hata kabla ya kukifikia walitambua hali yake, maana yale mabawa hayakuwa yameelekea jua. Yalikaa ovyo, kila moja upande wake. Dzhanibekov akaongoza chombo kwa mikono yake, na Savinykh akapima umbali kwa kifaa cha mwali wa leza alichokishika mkononi, akimtajia mwenzake hesabu. Wakakizunguka polepole, wakakisogelea, mpaka mlango ukakutana na mlango.

Wakapima hewa kwanza, kisha wakafungua. Ndani mlikuwa na giza, kimya, na baridi ya kugandisha. Maji ya akiba yalikuwa barafu. Betri zote zilikuwa tupu. Wakavaa mavazi mazito ya manyoya na kofia za sufu, wakafanya kazi kwa mwanga wa tochi. Tena palikuwa na hatari nyingine. Huko angani, feni zikisimama, pumzi chafu anayoitoa mtu haiondoki. Humzunguka pale pale usoni mpaka imlevye. Kwa hiyo mmoja alifanya kazi na mwenzake akamwangalia, asije akazimia bila mtu kujua. Na maji waliyokuja nayo yalikuwa ya siku chache tu. Ikiwa barafu haitayeyuka, hawana budi kurudi na kukiacha kituo kife.

Walipochunguza betri nane, waliona kwamba mbili zimeharibika kabisa, lakini sita zaweza kuponywa. Basi wakaziunganisha moja kwa moja na mabamba ya jua, waya kwa waya, katika baridi ile. Kisha wakatumia injini za chombo chao wenyewe kukigeuza kituo kizima, mpaka mabawa yakaelekea jua. Wakangoja. Betri zikaanza kupokea. Hatimaye taa zikawaka. Tarehe 13 Juni mitambo ya kujielekeza ilifanya kazi tena, na tarehe 23 Juni chombo kisicho na watu, Progress 24, kikafika na mizigo, kikapokelewa mlangoni kama desturi.

Ndugu zangu, sisemi kwamba watu hawa walikuwa wahubiri. Serikali iliyowatuma haikumtambua Mungu, na ilikuwa ikiwasumbua wale waliomwamini. Sitawavika kanzu ambayo hawakuivaa. Lakini Bwana wetu alipotaka kuwafundisha Wayahudi habari ya upendo kwa jirani, aliwaonyesha Msamaria. Nasi tusione haya kujifunza. Nina mambo matatu.

La kwanza: jua halikuwa limezimika.

Kituo kiliganda huku jua likikiwakia. Kila kilipotoka upande wa usiku, mwanga ulikipiga kama siku zote. Shida ilikuwa ndogo sana: kifaa kimoja cha kupimia kiliharibika, betri zikaacha kujazwa. Na kwa kuwa redio nayo ilikuwa na hitilafu, waliokuwa chini hawakujua kwamba betri zinakwisha. Hitilafu ndogo, na watu wasiojua. Hayo mawili yalitosha kuigandisha nyumba ya tani 20.

Hapa sina budi kuungama kosa langu mwenyewe. Katika mtaa niliotumikia zamani, palikuwa na mzee mmoja, fundi seremala, ambaye mikono yake ndiyo iliyotengeneza mabenchi ya kanisa. Alikuwa haachi Meza ya Bwana. Kisha akaanza kukaa benchi la nyuma; kisha akawa anakuja mara moja moja; kisha hakuja kabisa. Nilimwandikia barua, hakujibu. Nikaandika ya pili, kali kidogo, hakujibu. Basi nikachukua daftari la washiriki, na mbele ya jina lake nikaandika neno moja: "Ameacha." Nikaona nimemaliza kazi yangu kwake.

Ikapita miaka mitatu. Siku moja mvua ilinikamata njiani, nikakimbilia baraza ya kwanza niliyoiona, nayo ilikuwa baraza yake. Alinikaribisha kwa sauti, lakini mkono wake ulipapasa hewani kabla ya kuushika wangu. Mzee yule alikuwa hafifu wa macho, karibu kipofu. Jumapili moja kanisani alishika kitabu cha nyimbo juu chini, na vijana waliokuwa nyuma yake wakacheka. Aliona aibu. Akahamia nyuma, na aibu ikamfuata huko, mpaka akabaki nyumbani. Na zile barua zangu mbili? Zilikuwa juu ya kabati, hazijafunguliwa. Mke wake, aliyekuwa akimsomea, alikuwa amekwenda kumwuguza binti yao mbali, naye mzee hakutaka kumwomba mtoto wa jirani kumsomea barua ya kasisi.

Nilikuwa nimemwandikia barua mtu asiyeona, kisha nikamhesabia kosa la kutojibu.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilisikia kimya nikadhani ni ukaidi. Ilikuwa ni macho tu, na aibu kidogo, na sisi tusiojua. Imani yake haikuzimika. Aliniambia kwamba kila Jumapili kengele ilipolia alivaa shati safi, akaketi barazani mpaka watu watoke. Jua lilikuwa likimwakia. Waya ndio uliokatika.

La pili: anayekwenda ndiye anayejigeuza.

Kituo kile hakikuweza kujiweka sawa ili wageni waingie. Kama Dzhanibekov angesema, "Kwanza kituo kielekee vizuri, kiwashe taa zake, ndipo nitakapokaribia," angengoja mpaka leo. Yeye ndiye aliyezunguka na kujigeuza, akakifuata kwa kadiri kilivyokaa, mpaka mlango wake ukaelekeana na mlango wa kile kilichokufa.

Basi si hii ndiyo Habari Njema yenyewe? Mtume Paulo anawaandikia Warumi (5:8) kwamba Mungu alituonyesha upendo wake tulipokuwa tungali wenye dhambi. Hakungoja tujiweke sawa. Neno alifanyika mwili, akaja kwa kimo chetu, akajifunza kutembea kama sisi tunavyojifunza, akala pamoja nasi. Hata mafarisayo wakanung'unika, kama tulivyosoma leo, kwamba anakula na wenye dhambi. Walitaka wenye dhambi wajigeuze kwanza. Yeye alikwenda kuketi nao.

Sisi tumezoea kuwaambia waliopoa, "Mlango wa kanisa uko wazi, waje." Ni kweli, uko wazi. Lakini barua zangu nazo zilikuwa za kweli. Yule mzee hakuhitaji mlango ulio wazi, alihitaji mtu wa kumshika mkono mpaka mlangoni. Kuna mama asiyekuja kwa sababu hana nguo anayoiona inafaa. Kuna kijana anayefanya kazi ya ulinzi usiku kucha, saa ya ibada ndiyo saa yake ya kulala. Kuna mume na mke wasiosemezana, kila mmoja akiogopa kumkuta mwenzake altareni. Hao tusipojigeuza sisi, tuwaendee kwa saa yao na kwa hali yao, hatutaunganika nao kamwe.

Tena kumbukeni kile kiti cha tatu kilichoondolewa. Ziara kama hii haiendi bila kupunguza kitu. Ukitaka kumtembelea aliyenyamaza, itakubidi uondoe kitu katika siku yako: mazungumzo ya baada ya ibada, au usingizi wa Jumapili mchana, au ile nafsi inayosema, "Mbona mimi nilipougua hakuja?" Ondoa kiti hicho, upakie maji.

La tatu: sisi si jua.

Wale wawili hawakuthubutu kukipa kituo umeme wa chombo chao. Hitilafu iliyokuwa kule ingeweza kukiharibu na chombo chenyewe, nao wangepotea pamoja na kile walichokuja kukiokoa. Hata kama wangethubutu, nguvu za chombo kidogo zingetosha nyumba kubwa namna ile kwa muda gani? Kazi yao ilikuwa ni kuunganisha waya na kugeuza mabawa. Kuwasha ilikuwa kazi ya jua.

Nawaambia hivi hasa ninyi wazee wa kanisa, na akina mama wa Umoja, mnaokwenda katika nyumba za watu. Wengi wetu huenda kwa nguvu zetu: maneno yetu mengi, mashauri yetu, hata ukali wetu. Tunampasha mtu moto kwa juma moja, kisha sisi tunachoka na yeye anapoa, na mwisho wa mambo wote wawili tuko gizani. Mlete mtu kwa Kristo, wala si kwako wewe. Soma naye sura moja. Omba naye kwa maneno machache. Mwulize kama angependa kuletewa Ushirika Mtakatifu nyumbani, kisha niambie. Halafu ngoja, kama wale walivyongoja betri zipokee. Nabii Isaya (42:3) anatuonyesha Mtumishi wa Bwana aliye mpole kwa mwanzi uliopondeka na kwa utambi unaokaribia kuzimika. Upole maana yake nyingine ni kutoharakisha.

Na hapa niongeze jambo ambalo wengi hawalitarajii. Taa zilipowaka katika Salyut 7, taabu haikwisha. Barafu ilipoyeyuka, maji yalitapakaa kotekote, katika kuta na katika mitambo, nao wakalazimika kukausha na kungoja. Vipasha moto vya ukutani havikuwashwa mpaka unyevu ule uondoke, na hewa haikuwa ya kawaida mpaka mwisho wa Julai. Mtu aliyeganda akianza kupata joto, maji hutoka. Yule mzee seremala siku ile hakunishukuru. Kwanza alilia, kisha alinisema kwa saa nzima, mimi na wazee wangu na vijana wangu, na mabenchi aliyoyatengeneza kwa nusu ya bei. Nilitaka kujitetea. Namshukuru Mungu kwamba mvua ilikuwa kubwa, sikuweza kuondoka. Jumapili iliyofuata nilimtuma mmoja wa wale vijana waliocheka, akamshika mkono akamleta. Kijana yule akawa jicho lake kanisani mpaka siku tuliyomzika mzee wetu.

Lile neno "Ameacha" nililifuta kwa wembe, lakini karatasi ilibaki nyembamba mahali pale. Mpaka leo nikifungua daftari lolote la kanisa, hulikumbuka.

Savinykh alikaa katika kituo kile mpaka Novemba 1985. Dzhanibekov alikuwa ametangulia kurudi mwezi wa Septemba. Miaka michache baadaye, tarehe 7 Februari 1991, Salyut 7 ilianguka kutoka angani, na vipande vyake vikaangukia nchi ya Argentina. Chuma kina mwisho wake. Ikiwa watu wawili waliyatia maisha yao hatarini kwa ajili ya nyumba ya chuma ambayo baada ya miaka 6 ilikuwa vipande, je, mtu ambaye Kristo alimfia tumwandikie barua mbili tu, kisha tuandike kwamba ameacha?

Basi nawaomba jambo moja. Juma hili kila mmoja aandike katika kipande cha karatasi jina la mtu mmoja aliyekuwa akikaa karibu naye kanisani, ambaye hayupo tena. Usiniletee mimi. Litie ndani ya Biblia yako, uliombee siku saba. Na kabla mwezi huu haujaisha uende kwake kwa miguu yako. Usianze kwa kumwuliza kwa nini haji. Anza kwa kumwuliza hali.

Na wewe unayesoma gazeti hili nyumbani, kwa sababu mtoto wako au jirani yako amekuletea. Wewe ambaye umekaa kimya muda mrefu, hata unafikiri jina lako limekwisha kufutwa: halikufutwa. Pengine ni sisi tuliokukosea, na pengine ni jambo dogo unaloona haya kulisema. Hatukuombi uje na taa zako zimewaka. Tuambie tu saa tutakayokukuta, au umtume mtoto. Jua bado linawaka, na malaika wa Mungu, kama Bwana alivyosema, wako tayari kwa furaha yao.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu Kristo, Mchungaji uliyetuendea tulipokuwa hatuwezi kukujibu, utusamehe wale tuliowaacha katika baridi na kuwahesabia kimya chao kuwa kosa. Utupe miguu ya kwenda, masikio ya kusikiliza, na saburi ya kungoja. Uwaelekeze kwako wote waliopoa, na sisi pamoja nao, ili tupokee uzima kutoka kwako uliye nuru ya kweli. Unayeishi na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.

Wenu katika kazi ya Bwana,
Kasisi wa Mtaa